Shajara ya mradi: RAM ya 3600 chini ya paa la bati

Ninaandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake, ili mwenye mashine ya aina hii aweze kuifuata au kuikwepa. Mashine ni ya kazi, ya kuhariri video za harusi na sendofu: prosesa AMD Ryzen 5 3600, mazabodi ya B450 yenye sloti nne za RAM, vijiti viwili vya DDR4 vya GB 8 kila kimoja, SSD ya GB 500 na kadi ya michoro ya daraja la kati. Vijiti vimeandikwa 3200 (mwendo), CL16 (nambari ya kusubiri), volti 1.35. Chumba kiko Mbagala, kina paa la bati na hakina dari.

11 Januari 2025: Kumbe ilikuwa inatembea 2400

Kabla ya kugusa chochote nilitaka kujua nilipo. Nilifungua ZenTimings, programu ndogo ya bure inayoonyesha mwendo wa RAM na nambari zake za kusubiri kwenye mashine za Ryzen. Ikasoma 2400. Vijiti hivi ninavyo karibu miaka miwili, na muda wote huo havijawahi kufika 3200 iliyoandikwa kwenye kibandiko. Ile 3200 ni ya profaili ya XMP, mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya kijiti, na XMP haijiwashi yenyewe: lazima uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mazabodi, uiwashe.

Nimeiwasha. Kipimo changu ni kipande cha harusi cha dakika 42, chenye marekebisho ya rangi na maandishi. Ninakirenda, yaani kukitoa kuwa video iliyokamilika, mara tatu na kuchukua wastani. Kwa 2400 kilichukua dakika 38 na sekunde 20, kwa 3200 dakika 35 na sekunde 5. Gharama ni sifuri. Kama husomi zaidi ya hapa, kaangalie yako kwanza.

12 Januari 2025: Nimepanda hadi 3600

Leo Mapinduzi, hakuna kazi. Nimelenga 3600 kwa sababu ya jinsi Ryzen 3000 ilivyojengwa. Njia ya ndani inayounganisha viini vya prosesa na RAM, wanayoiita Infinity Fabric, hufanya kazi vizuri zaidi ikienda sambamba na RAM. DDR hubeba data mara mbili kwa kila pigo, kwa hiyo RAM ya 3600 inapiga MHz 1800, na 1800 ndiyo kasi ambayo prosesa nyingi za kizazi hiki huimudu kwenye njia hiyo. Ukipita hapo, mazabodi nyingi huacha kuiendesha njia sambamba na RAM, na kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa huenda nusu ya mwendo wa RAM, na ulichopata mkono huu unakitoa kwa mkono mwingine.

Niliweka 3600, FCLK (kasi ya ile njia ya ndani) 1800, nambari za kusubiri 18-22-22-42, volti 1.35 ileile. Ikawaka mara ya kwanza. Nikashusha na tRFC, nambari nyingine ya kusubiri, hadi 480, kiasi nilichokiona kwenye picha ya mipangilio ya mtu mwenye prosesa kama yangu.

Nimenunua flashi ya shilingi 10,000, nikaweka Memtest86+, programu ya kupima RAM, nikaiacha kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mizunguko minne, makosa sifuri. Kipande cha harusi: dakika 34 na sekunde 10.

Nyongeza ya 9 Februari: katika ingizo hili kuna makosa mawili, tRFC na saa ya kupima. Nimeliacha kama lilivyo.

30 Januari 2025: Harusi imeharibika

Harusi ilikuwa Jumamosi ya tarehe 25. Kamera mbili, klipu 64 kwenye kadi ya kamera ya kwanza. Jumapili mchana nilinakili kila kitu kwenye SSD, nikahesabu faili, nikalinganisha ukubwa wa folda, nikaona sawa, nikaifuta kadi kwa ajili ya kazi ya Jumatatu.

Jumatano, nikiwa katikati ya kurenda, mashine ilileta skrini ya bluu: MEMORY_MANAGEMENT. Nikaiwasha, ikaendelea. Alhamisi video iliyotoka ilikuwa na vigae vya kijani dakika ya 17. Nilidhani ni kurenda kumeharibika, nikarudia. Vigae vilikuwa palepale. Nikafungua klipu yenyewe: imeharibika. Nikazipitia zote 64 na kukuta nyingine moja haifunguki kabisa.

Kinachotokea ni hiki. Faili inayotoka kwenye kadi kwenda SSD inapita kwenye RAM. Biti moja ikigeuka humo, inaandikwa kwenye SSD ikiwa imegeuka, na ukubwa wa faili haubadiliki hata kidogo. Ukihesabu faili na kulinganisha ukubwa hutaona chochote.

Klipu ya kwanza niliifidia kwa kamera ya pili. Ya pili ilikuwa ya bibi yake bwana harusi akiwausia maharusi, na wakati ule kamera ya pili ilikuwa nje inapiga msafara wa magari. Haipo. Nilienda kwa wenyewe nikawaeleza ukweli, nikawarudishia shilingi 150,000. Walinipokea kwa upole, ila uso wa mama wa bwana harusi sitausahau. Kuanzia hapa mradi si wa kutafuta kasi tena. Nataka kujua nini hasa kilitokea.

31 Januari 2025: Kurudi nyuma

BIOS nimeirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Nikaendesha sfc /scannow, amri ya Windows ya kukagua faili zake, ikakuta faili za Windows zilizoharibika na kuzirekebisha. Usiruke hatua hii. RAM mbovu inaweza kuwa imeshaandika uharibifu kwenye diski, ukatengeneza RAM na bado mashine ikasumbua, ukaanza kuitilia shaka RAM ambayo sasa ni nzima.

Nimeanza pia utaratibu mpya wa kunakili: kila faili inapigiwa hesabu ya SHA-256, ambayo hubadilika hata biti moja ikigeuka, ikiwa kwenye kadi na tena ikiwa kwenye SSD, kwa amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows. Zisipolingana, kadi haifutwi.

2 Februari 2025: Siku nzima ya kukisia

Hii ndiyo siku niliyofanya kazi ovyo kuliko zote. Nilirudisha 3600 na kuendesha TestMem5 kwa mpangilio wa Extreme wa anta777, unaosumbua RAM kwa mifumo mingi kuliko vipimo vya kawaida. Kosa la kwanza lilitokea dakika ya 23.

Nikachomoa vijiti, nikasugua miguu yake kwa kifutio cha penseli kama mafundi wengi wanavyofanya, nikavirudisha. Makosa yakaendelea. Nikahamisha sloti, halafu nikagundua nimeviweka vibaya. Kwenye mazabodi yangu vijiti viwili vinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, mimi nimeviweka ya kwanza na ya tatu. Mashine ikakataa kuwaka, taa ya DRAM, ya kuonyesha hitilafu ya RAM, ikabaki inawaka. Nilitoa betri bapa ya CR2032 ili BIOS isahau kila kitu, na kwa kuwa ilikuwa ya zamani nikaweka mpya ya shilingi 2,000.

Kisha nikaamua RAM ina njaa ya umeme. Nikapandisha volti kutoka 1.35 hadi 1.42, na wakati huohuo nikalegeza tRCD, nambari ya pili ya kusubiri, kutoka 22 hadi 24. Kosa la kwanza likaja dakika ya 11, mapema kuliko mwanzo. Nisingeweza kusema ni lipi kati ya mawili limefanya hivyo, kwa sababu niliyagusa pamoja. Jioni nimenunua daftari. Sheria yake: mstari mmoja, badiliko moja, saa ya kuanza, saa ya kosa la kwanza.

8 Februari 2025: Saa nane mbili

Wiki hii nimepima kila siku kwa mipangilio ileile ya tarehe 12 Januari, bila kugusa kitu: kijiti kimoja kimoja, kisha vyote viwili. Daftari likaanza kunichanganya. Kijiti cha kwanza kimefaulu Jumatatu na kufeli Jumatano. Cha pili kimefeli Jumanne na kufaulu Alhamisi. Nikafikiria mazabodi, nikafikiria prosesa, nikakaribia kwenda kununua RAM nyingine.

Jirani yangu ni mzee fundi wa mafriji. Jana alinikuta kibarazani na daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umekunja uso hivyo?"

Nikamweleza. Akachukua daftari, akalisoma kwa kidole mpaka chini, kisha akauliza, "Hii saa nane hapa ni ya usiku au ya mchana?"

Sikuwa nimeandika. Niliandika "saa 8" tu, kote. Akaniambia kwamba friji ya mteja ikiletwa haigandishi, yeye haipimi usiku, kwa sababu usiku kila friji ni nzima.

Nilirudi ndani nikakumbuka siku moja baada ya nyingine. Jumatatu na Alhamisi nilipima nikiwa nimerudi kutoka kazini, yaani usiku. Jumanne na Jumatano nilipima mchana. Kila kilichofeli kilifeli mchana. Na ile Jumapili ya kunakili klipu 64 ilikuwa mchana wa Januari, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi.

Nimenunua kipima joto cha mionzi, kile cha kuelekeza kama bastola, shilingi 38,000. Tahadhari kwa atakayeiga: kijiti changu kimefunikwa bati linalong'aa, na chuma kinachong'aa hukidanganya kipima hiki, kinasoma chini ya ukweli. Mara ya kwanza kilisoma nyuzi 39 wakati kidole kinaniambia pamoto. Bandika kipande cha tepu ya karatasi juu ya bati, subiri dakika chache, pima juu ya tepu.

Usiku, chumba nyuzi 28, kijiti 44. Leo saa nane mchana, chumba 37, kijiti 59. Kosa la kwanza linakuja kijiti kinapovuka 54 hivi, na hilo limejirudia mara tatu.

Kuna jingine nililolikosa. Memtest86+ hufanya kazi nje ya Windows, na kadi ya michoro inakuwa imepumzika. Ninaporenda, kadi hiyo inapuliza hewa ya moto juu, moja kwa moja kwenye vijiti. Kipimo changu cha usiku kilikuwa na baridi mara mbili: ya chumba, na ya kadi iliyolala.

9 Februari 2025: tRFC

Joto limejulikana, lakini nyuzi 59 si joto la kuua RAM. Kitu fulani kwenye mipangilio yangu kilikuwa ukingoni, joto likakisukuma.

Kila biti ndani ya RAM ni chaji ya umeme kwenye kapasita ndogo mno, na kapasita hiyo inavuja. Kwa hiyo DDR4 hujazwa upya muda wote: safu zote ndani ya milisekunde 64, kwa amri 8192, yaani amri moja kila maikrosekunde 7.8. Joto huongeza uvujaji, na kiwango cha DDR4 chenyewe kinataka amri hizo ziongezwe mara mbili joto likipita nyuzi 85. tRFC ni muda ambao kila amri inapewa kumaliza kujaza kabla RAM haijaombwa data tena.

Piga hesabu. Kwa 3600, pigo moja ni nanosekunde 0.556. tRFC 480 ni nanosekunde 267. Kwa chipu za gigabiti 8 kama zangu, kiwango rasmi ni nanosekunde 350, yaani 630. Niliikata karibu robo, kwa nambari ya mtu ambaye chipu zake ni za aina nyingine. Prosesa yetu ilikuwa moja, na mimi nikadhani hilo latosha. tRFC inafuata chipu zilizo kwenye kijiti, prosesa haihusiki.

Hapa pia ndipo nilipoelewa ile 1.42. Volti nyingi ziliongeza joto la kijiti, na joto ndilo lililokuwa tatizo. Niliichochea hitilafu nikidhani ninaitibu.

Badiliko moja: tRFC 630, volti 1.35. Nimeanza saa saba mchana, TestMem5 huku kadi ya michoro ikipewa kazi pembeni. Saa moja na nusu safi, halafu kosa moja kijiti kikiwa 61.

15 Februari 2025: Feni

Nilifungua ubavu wa kasha kwa majaribio, kijiti kikashuka nyuzi 9 ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo hewa haikuwa inapita. Wavu wa mbele ulikuwa umejaa vumbi kama blanketi. Nimeusafisha, nikanunua feni ya milimita 120 kwa shilingi 22,000, nikaifunga kwa kamba za plastiki juu ya vijiti ikipuliza chini. Si pazuri kutazama, ila hakuna anayekuja kuiangalia.

Jumatano kipimo kilikatwa na umeme baada ya kwenda kwa muda wa saa tano, na kipimo kilichokatika sikihesabu. Leo kimekamilika: saa sita mchana hadi saa mbili usiku, TestMem5 pamoja na kadi ya michoro, kisha Prime95 ya Large FFTs, inayobana prosesa na RAM kwa pamoja. Chumba kilifika 37, kijiti hakikupita 49. Makosa sifuri. LUKU imekula yuniti moja na robo hivi.

Nyongeza ya 16 Februari: nimerudia na tRFC 560, nikapata makosa mawili saa tisa alasiri. Nimerudi 630 na nitakaa hapo.

22 Februari 2025: 3733, kwa ufupi

Nilijaribu 3733 na FCLK 1867. TestMem5 ilipita. Lakini sauti ilikuwa inakwaruza kwenye spika, na kitabu cha matukio cha Windows (Event Viewer) kilikuwa na mistari ya onyo ya WHEA-Logger namba 19. Hiyo si RAM, ni ile njia ya ndani ya prosesa imezidiwa. Kipimo cha RAM kinaweza kuwa safi kabisa na onyo hili likawepo, kwa hiyo fungua kitabu cha matukio kila baada ya kipimo. Nilipandisha volti za SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM, hadi 1.10, maonyo yakapungua bila kuisha. Nimerudi 1800, yameisha.

8 Machi 2025: Vijiti vinne

Ramadhani imeanza, harusi zimepungua, nina nafasi ya kuiacha mashine wazi. GB 16 hazinitoshi kwa harusi ya kamera tatu. Nimenunua Kariakoo vijiti viwili vilivyotumika, shilingi 90,000, kibandiko kilekile cha 3200 CL16.

Vinne pamoja kwa 3600 havikuwaka. Kwa 3200 vilijaribu mara tatu, vikashuka vyenyewe 2133. Nilichungulia pembeni mwa bati la kijiti: vyangu vya zamani vina chipu upande mmoja, hivi vina chipu pande zote mbili. Kibandiko kimoja, vitu viwili. AMD wenyewe kwa Ryzen 3000 wanaahidi 3200 kwa vijiti viwili. Kwa vinne wanashuka hadi 2933 vikiwa vya upande mmoja, na 2667 vikiwa vya pande mbili. Nilitakiwa kulisoma hilo kabla ya kupanda daladala.

Kabla ya kuendelea nilisasisha BIOS, baada ya kuazima UPS. Usisasishe BIOS kwa umeme wa ukutani peke yake. Kisha 2933, CL16, volti 1.35, SoC 1.10, tRFC nikaiachia mazabodi ichague. Ikawaka.

Usiku imefaulu. Mchana imefeli baada ya muda wa saa tatu, na kipima kikaonyesha kwa nini: vijiti vinne vimebanana, hewa haipiti katikati, na vile viwili vya kati vilikuwa 58 wakati vya pembeni ni 50. Nimeigeuza feni ipulize kwa mshazari, kutoka upande wa mbele wa kasha.

16 Machi 2025: Ilipo sasa

Vijiti vinne, GB 32, 2933, CL16. Vipimo vitatu vya mchana, kila kimoja cha muda wa saa nane, siku tatu tofauti, makosa sifuri, hakuna WHEA. Vya kati havijapita 51.

Kipande cha dakika 42 kinachukua dakika 35 na sekunde 30, yaani nyuma ya 3600 kwa dakika moja na sekunde 20. Lakini mradi wa kamera tatu uliokuwa unastaki kila ninapovuta mstari wa muda sasa unatembea bila kusimama, na huo ndio muda ninaoupoteza siku nzima. Nimechagua GB 32. Mipangilio ya 3600 kwa vijiti viwili imo kwenye daftari kwa atakayeihitaji: 18-22-22-42, tRFC 630, volti 1.35, FCLK 1800, feni juu ya vijiti.

Jumla ya matumizi: flashi 10,000, betri 2,000, kipima joto 38,000, feni 22,000, RAM 90,000, na 150,000 nilizowarudishia wenye harusi. Shilingi 312,000.

Baada ya Idi harusi zinarudi. Nimeshapokea kazi ya kwanza, na nimenunua droo ndogo ya kadi. Kadi inakaa humo mpaka hesabu za SHA-256 zilingane mara mbili, moja ikiwa ya saa nane mchana.